Nilijichoma sindano zamu ya usiku, nikanyamaza

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, diploma, mwaka wa pili, hapa Kigoma mjini. Kwetu ni Kasulu. Baba ana michikichi na ada yangu inatoka kwenye mawese. Nalisema hilo mapema ili ujue kwa nini naogopa kurudishwa nyumbani. Nakuandikia nikiwa bafuni hosteli kwa sababu chumbani tuko wanne.

Siku 11 zilizopita nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wanawake. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na sisi wanafunzi watatu. Saa kumi alfajiri sista aliniambia nimchukue damu mama mmoja aliyeletwa jioni. Amepungukiwa damu, ana homa kali, mikono haitulii, anapapasa shuka kama anatafuta kitu. Umeme ulikuwa umekatika. Ndugu yake ndiye aliyenishikia tochi ya simu. Mshipa niliupata mara ya pili. Nikatia damu kwenye chupa, nikageuka kutafuta boksi la sindano, nikakuta limejaa mpaka sindano zimechomoza juu kama miiba ya nungunungu. Sista akasema kutoka mezani, "Ifunike uiache kwenye trei, asubuhi wataleta jingine." Nikaifunika kwa mikono miwili. Kifuniko kikateleza.

Mwanzoni sikuhisi kitu. Nilipovua glavu ndipo nikaona tone limekaa kwenye kidole gumba cha kushoto, zito, kama mawese yaliyoganda. Nikamwonyesha sista. Akasema, "Nani alikufundisha kufunika sindano?" Halafu akashusha sauti: "Kaoshe. Usije ukatuletea makaratasi asubuhi." Nilikwenda sluisi, chumba cha kuoshea vyombo vya wodi, nikakikamua kidole mpaka kikawa cheupe, nikakichovya kwenye jiki, nikamalizia na spiriti. Kiliniwasha siku tatu.

Sikumwambia mwalimu wa kliniki. Mama, sista huyo ndiye anayesaini daftari langu la vitendo. Nina nafasi 15 za kuchukua damu hazijasainiwa na wiki tatu tu zimebaki wodini kwake. Daftari lisipokamilika sifanyi mtihani.

Halafu kuna CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mji wetu ni mdogo. Ukionekana kwenye ile foleni asubuhi, jioni habari imeshafika Ujiji. Nina mchumba, mahari imeshalipwa nusu.

Chanjo ya homa ya ini B tulichangishwa mwaka wa kwanza, tukapata dozi moja. Ya pili tuliambiwa imeisha, na hatujaisikia tena.

Je, nimeshaambukizwa? Nikianza dawa leo zitanisaidia? Na nikisema sasa, si wataniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi?

Halafu jambo dogo: jana usiku mwenzangu wa chumba alikuwa leba, maji ya uzazi yenye damu yakamrukia jichoni. Amenawa bombani, yuko sawa. Nilimwambia anyamaze kama mimi mpaka utujibu.

Binti wa Kasulu

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na hilo ulilolibandika mwishoni ukaliita dogo. Ujumbe wako uliingia kwenye simu yangu saa moja na nusu jioni, nasonga ugali. Nikausoma nimesimama, na nilipofika kwa mwenzako nikazima jiko. Wewe ulikuwa na siku 11. Yeye alikuwa na saa 22.

Unakumbuka nilivyokupigia, ukanipa namba yake, nikamwambia avae viatu. Nyote wawili mmeniruhusu niyaandike haya bila majina, ili wenzenu wayasome. Alipofika hospitali aliambiwa aje asubuhi: kliniki imefungwa, kabati la dawa limefungwa, na mwenye ufunguo analala Gungu. Nikaomba nipewe aliyekuwa zamu. Sikumgombeza, maana mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi na najua usiku ulivyo. Nilimwuliza swali moja: ungekuwa wewe ndiye umerukiwa, ufunguo ungekuja na bodaboda au ungesubiri kuche? Ufunguo ulikuja. Kidonge cha kwanza mwenzako alikimeza saa nne na robo usiku, ikiwa inakaribia saa ya 25 tangu arukiwe.

Wasomaji wasiojua wajue tunazungumzia nini. PEP ni dawa za kuzuia VVU anazopewa mtu aliyeguswa na damu au majimaji ya mwili yenye hatari: kidonge kimoja kwa siku, siku 28, na ndani ya kidonge hicho mna dawa tatu, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa zilezile anazotumia anayeishi na VVU, ila wewe unazitumia ili usifike huko. Virusi vikiingia mwilini havisambai kote papo hapo. Vinanaswa kwanza na seli za pale vilipoingilia, seli zinavibeba hadi kwenye matezi, na huko ndiko vinakoanza kuzaliana na kupata makazi. Safari hiyo ni ya siku mbili tatu. Dawa ikiwahi kufika, vinakuta wenyeji wameshajipanga. Ndiyo maana mwisho ni saa 72, na ndiyo maana hata ndani ya saa hizo 72 ya pili ni bora kuliko ya kumi, na ya kumi ni bora kuliko ya hamsini. Wanafunzi wengi mmekariri hiyo 72 kama muda wa kujipanga kwanza. Jamani, hiyo ni mwisho wa gati, meli ikishang'oa nanga huirukii.

Na dawa hizi hazikuanza leo. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa wahudumu wa afya waliojichoma sindano huko Marekani, Ufaransa, Uingereza na Italia. Wakati huo dawa ilikuwa moja tu, zidovudine, ya zamani na yenye kichefuchefu cha kutosha. Hata hiyo peke yake iliambatana na kupungua kwa hatari kwa takriban asilimia 81. Za sasa ni bora na zinavumilika.

Jicho lina hatari ndogo kuliko sindano. Kwa VVU inakadiriwa kuwa kama 1 kwa kila 1,000, endapo mgonjwa ana virusi. Lakini maji ya uzazi yako kwenye orodha ya majimaji ya kuogopwa hata yasipokuwa na damu, sembuse hayo yenye damu. Kunawa alifanya vizuri. Ningependa tu angekaa bombani zaidi, jicho limefunuliwa, maji yakipita. Yule mzazi alikuwa bado wodini. Aliombwa, akaelezwa sababu, akakubali kupimwa. Majibu yake ni yake, hayaandikwi hapa.

Sasa wewe.

Kwa sindano ile, PEP haitakusaidia tena. Nakuambia hivyo wazi ili usije ukaazima vidonge vya mwenzako mkagawana, jambo ambalo nimewahi kuliona, likawaharibia wawili. Uliponiandikia siku 11 zilikuwa zimeshapita, na mlango huo umefungwa. Iliyobaki ni milango mingine, na hiyo iko wazi.

Umeuliza kama umeshaambukizwa. Siwezi kujua, lakini naweza kukuambia uzito wa jambo lenyewe. Aliyejichoma sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wake wa kuambukizwa ni takriban 3 kwa 1,000. Chukua watu elfu moja waliojichoma kama wewe kutoka kwa wagonjwa wenye virusi: 997 hivi hawapati. Na wewe hujui kama mama yule ana VVU. Akiwa navyo na anatumia dawa, virusi vikiwa vimefubazwa, hatari inashuka chini zaidi ya hapo. Upande wa pili, sindano yako ilikuwa na tundu, ilikuwa imetoka mshipani na ilikuwa na damu mbichi. Hayo matatu yanapandisha. Glavu nayo ilifuta sehemu ya damu kabla sindano haijafika kwenye nyama, hilo linashusha. Kwa hiyo usilale ukijihesabu mgonjwa, na usiache kupima.

Ninachokiogopa zaidi kwako kina jina lisilotisha mitaani: homa ya ini B. Nyote mnakesha na VVU, lakini kwa sindano kirusi hiki ndicho mkimbiaji. Kama mgonjwa anacho na aliyechomwa hana kinga, uwezekano ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ya mgonjwa. Linganisha na ile 3 kwa 1,000. Tone lililokauka kwenye trei linaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku 7 au zaidi. Na ndicho chenye chanjo! Dozi tatu: ya leo, ya mwezi mmoja baadaye, ya mwezi wa sita. Dozi moja mliyopewa mwaka wa kwanza haitoshi kumwingiza mtu wodini. Habari njema ni kwamba huanzi upya: unaendelea na ya pili ulipoishia, hata kama pengo ni la mwaka. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho pima kinga. Ikifika 10 (mIU/mL) kwenye majibu ya maabara, umemaliza.

Mpigie mama yako Kasulu, mwulize kama bado ana kadi yako ya kliniki ya utoto. Mama zetu wanazitunza, utaikuta kwenye sanduku chini ya vitenge. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa umri wako huenda uliipata ukiwa mgongoni. Kama imeandikwa, mpelekee anayekuhudumia. Haiondoi kupima, lakini inabadilisha mazungumzo.

Homa ya ini C ni ya tatu. Kwa sindano uwezekano wake ni chini ya 2 kwa 100, haina chanjo, ila siku hizi ina tiba ya vidonge ya miezi mitatu hivi inayoponya zaidi ya asilimia 95. Ukiambiwa upimwe, kubali. Tusikae sana hapo.

Kesho basi, kabla ya zamu, unakwenda kupima VVU na homa ya ini B. Kipimo cha mapema hivi kina kazi ambayo wengi hawaijui: hakikuambii sindano imefanya nini, maana ni mapema mno. Kinakuambia ulikuwa nani kabla ya sindano. Siku moja ikija kuwa una tatizo, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa uliingia wodini mzima ukaumia kazini. Bila hiyo, watu watajaza nafasi iliyo wazi kwa midomo yao, na unajua kwa binti aliyechumbiwa watajaza nini. Rudia kipimo cha VVU wiki ya sita na mwezi wa tatu. Homa ya ini B ipime tena mwezi wa sita, kirusi hicho kinachukua muda kujionyesha. Kigoma hii ukitaka kuhesabu kama wavuvi wa dagaa, kipimo cha mwezi wa tatu ni giza la tatu la mwezi kuanzia sasa, taa zikirudi ziwani mara ya tatu. Mpaka hapo kondomu, na usichangie damu.

Mchumba wako umwambie hivyohivyo kwa sentensi moja: nilijichoma sindano kazini, nasubiri vipimo vya miezi mitatu. Mwanamume anayeoa muuguzi anaoa na kazi yake. Akikurushia maneno ya tabia kwa sababu ya sindano ya wodini, ni heri umejua kabla ya nusu ya pili ya mahari.

Usiende kuchungulia faili la yule mgonjwa, wala usimtafute kijijini kwake. Najua umeshawaza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya kipimo chake kama itakavyolinda cha kwako. Kama angeombwa siku ileile, kwa heshima, huenda angekubali kama alivyokubali yule mzazi. Hiyo nayo ni gharama ya kunyamaza.

Kidole chako nacho kina somo. Kukamua hakutoi virusi. Unaiminya nyama, unaichokoza, na hakuna aliyeonyesha kwamba kunasaidia. Jiki inaunguza ngozi na kufungua kidonda kipya, ndiyo ile iliyokuwasha siku tatu. Maji yanayotiririka na sabuni, basi. Nasema hivi nami niliwahi kukichovya changu kwenye kitu kikali zaidi ya jiki, enzi za mabomba ya sindano ya kioo tuliyokuwa tukiyachemsha na kuyatumia tena. PEP haikuwepo. Nilikaa miezi nikijikagua shingo mbele ya kioo kila asubuhi, nikitafuta matezi, na sikumwambia mtu hata mmoja. Kwa hiyo kunyamaza kwako sikukushangaa, nimekutambua.

Umekosea? Ndiyo. Sindano iliyotumika haifunikwi kwa mikono miwili, hilo ulifundishwa darasani na ulilijua hata gizani. Ikibidi kabisa, kifuniko kinalala mezani, mkono mmoja unakaa mgongoni, na sindano inakivua chenyewe kama ndoano inavyovua samaki. Lakini wacha nikuulize: boksi lilijaa saa ngapi? Maboksi yale yana mstari. Robo tatu, linafungwa, linaletwa jingine. Lililojaa mpaka miiba imetoka juu limepitwa na zamu zaidi ya moja, na watu wazima wenye leseni walilitazama wakapita. Wewe ulikuwa wa mwisho kwenye mnyororo, na aliye wa mwisho ndiye sindano inayemkuta. Mgonjwa asiyetulia, tochi ya simu, alfajiri, mwanafunzi peke yake: hapo mtu wa pili wa kumshika mkono mgonjwa alikuwa kifaa cha kazi kama glavu ilivyo.

Ila hata boksi silo lililokuficha. Lililokuficha ni daftari.

Nimelifikiria sana hili tangu usiku ule wa ufunguo. Mkono unaokusainia kwamba unajua kuchukua damu ndio huohuo unaotakiwa upokee habari kwamba umejichoma ukichukua damu. Mtoto gani wa mkulima ataupeleka mkosi wake kwa mkono huo zikiwa zimebaki nafasi 15? Hospitali inasema si mtumishi wetu, ni wa chuo. Chuo kinasema tumemkabidhi hospitali. Katikati hapo yuko binti wa miaka ishirini na kitu na kidole kwenye jiki. Tunaweza kubandika mabango ya kunawa mikono kila ukuta. Maadamu saini na taarifa ya ajali vinapita mlango mmoja, wanafunzi wataendelea kukamua vidole sluisi.

Walimu wa vyuo mnaosoma hapa, na najua mnasoma kwa sababu mnanipigia nikiwasema, litoeni hilo kwenye mkono wa inchaji, msimamizi wa wodi. Mwanafunzi apewe namba moja ya simu, ya mtu ambaye hasaini chochote, anayepokea saa kumi alfajiri. Hospitali iweke dozi za PEP za siku chache pale idara ya dharura, mahali pasipohitaji ufunguo wa Gungu, ili mtu aanze usiku na karatasi zifuate asubuhi. Na chanjo: mwanafunzi asivae sare ya wodini kabla ya dozi, kama mnavyomzuia asiyelipa ada. Hiyo ya ada hamjawahi kuisahau hata muhula mmoja.

Turudi kwako. Unatoa taarifa, kesho hiyohiyo baada ya kupima. Mfuate mwalimu wa kliniki, si sista. Andika nusu ukurasa: tarehe, saa, wodi, aina ya sindano, ulikuwa umevaa glavu, umeme haukuwepo, boksi lilikuwa limejaa, ulioshaje. Sista mwandike kama mtu aliyekuwa zamu, usimwandikie hukumu. Andika pia kwamba umechelewa siku zote hizi kwa kuwa uliogopa. Sentensi hiyo iache, hata wakikuomba uifute. Ndiyo itakayowafaa wanaokuja nyuma yako. Ipige picha kabla hujaikabidhi. Mwombe akuhamishie saini zilizobaki kwa msimamizi mwingine. Kwa ninavyowajua walimu wa kliniki, watakasirika dakika tano kisha watakutafutia gari.

Foleni ya CTC unayoiogopa, asilimia kubwa ya walio pale hawakutazami, wanatazama saa. Na aliyejeruhiwa kazini anaweza kuhudumiwa na mhusika wa kudhibiti maambukizi hospitalini bila kukaa kwenye benchi lile. Omba. Dawa na vipimo vya VVU ni bure.

Mwenzako yuko siku ya tisa. Siku tatu za kwanza kichefuchefu kilimsumbua, sasa anakimeza baada ya chakula cha usiku, kengele ya simu imewekwa saa mbili. Alikuwa akimeza na vidonge vya kuongeza damu kwa pamoja, tumevitenganisha, maana madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zinaizuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Amepimwa homa ya ini B pia, na hilo lilikuwa la lazima: mbili kati ya dawa zile zinakishika kirusi hicho, na mwenye nacho akiziacha ghafla ini linaweza kuchachamaa. Amebakiza siku 19. Ukimwona amelala kabla ya saa mbili, mwamshe.

Ukishatoa taarifa niandikie. Na uniambie kama lile boksi wamelibadilisha.

Mama Mkunga
Ujiji